Aina za lulu: mwongozo kamili wa kuzitambua, kuzichagua, kuzitunga na kuzitunza

Chukua utungo wa lulu, chagua punje moja, uitazame tunduni kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ukingo wa tundu utakueleza mambo manne kabla muuzaji hajafungua kinywa: kama lulu ni ya kweli au ni bandia iliyopakwa rangi, kama ina kiini ndani, utando uliofunika kiini hicho una unene gani, na kama rangi yake ni ya asili. Majina ya aina huja baadaye. Jina linasema lulu imetoka kwa chaza gani na maji gani, ila halisemi kama ni nzuri. Zipo Akoya, lulu za baharini zenye sifa kubwa, zisizofaa hata kutungwa, na zipo lulu za maji baridi, yaani za maji yasiyo ya chumvi, za kugombaniwa.

Lulu imeundwa na nini

Chaza hutengeneza lulu kwa vitu viwili: aragonaiti, ambayo ni aina ya kalisi kaboneti, na protini iitwayo konkiolini inayoishikanisha. Vibapa vya aragonaiti, vyembamba kuliko mikroni moja, hupangwa kama matofali, safu juu ya safu, maelfu kwa maelfu. Utando huo ndio neka. Mwanga ukiupiga, sehemu hurudi kutoka juu na sehemu huingia na kurudi kutoka safu za ndani. Ndiyo maana lulu nzuri huonekana kama inawaka kutokea ndani, na ndiyo maana neka nyembamba humeta kidogo juu juu kisha inakuwa kama chokaa.

Hadithi ya chembe ya mchanga inapendwa, lakini chaza anaishi mchangani na anajua kuutoa. Mara nyingi zaidi lulu huanza kwa kidusia au jeraha linalosukuma seli za ngozi ya ndani ya chaza kuingia mwilini. Seli hizo hujifanyia kifuko na kuendelea na kazi yao ya kutoa neka. Wafugaji wa lulu wanafanya hivyo hivyo kwa makusudi: wanamfungua chaza kidogo, wanamwekea kipande cha ngozi ya chaza mwingine, na kwa lulu za baharini wanaongeza kiini cha mviringo. Kiini hicho kwa kawaida hukatwa kwenye gamba nene la kome wa mito ya Marekani, kama wale wa Mississippi.

Kumbuka muundo huu, kwa sababu makosa yote ya kutunza lulu yanatokana na kuusahau. Kalisi kaboneti huliwa na asidi. Konkiolini hukauka na kupasuka kwa joto. Na ugumu wa lulu ni kati ya 2.5 na 4.5 kwa kipimo cha Mohs, wakati mchanga wa kawaida una 7. Vumbi la mezani linaweza kuikwaruza.

Za asili na za kufugwa

Karibu lulu zote zilizopo madukani leo ni za kufugwa, na hilo si udanganyifu. Ni lulu za kweli, zimetengenezwa na chaza yule yule. Mwaka 1893 Mikimoto Kokichi alivuna nusu lulu za kufugwa huko Toba, Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mbinu ya kupata lulu ya mviringo kamili, ambayo inatajwa kwa majina ya Wajapani wawili, Mise na Nishikawa, ikafungua biashara kubwa. Kabla ya hapo soko lilitegemea wazamiaji, hasa wa Ghuba: Bahrain, Kuwait na miji ya pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu. Neno letu "lulu" lenyewe ni la Kiarabu. Lulu za Japani pamoja na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliivunja biashara ya wazamiaji, na mabaki ya utamaduni huo huko Bahrain yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012.

Kanuni ya mnunuzi ni hii: mtu akikuambia lulu yake ni ya asili na anataka bei ya lulu ya asili, dai cheti cha maabara inayopiga eksirei. Lenzi na macho havitoshi. Tunduni unaweza kuona mstari unaotenganisha kiini na neka, ukajua ni ya kufugwa. Lakini kutouona mstari hakuthibitishi kwamba ni ya asili, maana lulu nyingi za maji baridi hazina kiini kabisa.

Akoya

Anayeitoa ni chaza mdogo, Pinctada fucata. Nchi yake ni Japani, na hufugwa pia China na Vietnam. Ukubwa ni milimita 3 hadi 9, nyingi zikiwa kati ya 6 na 8. Ikipita 9 imeshakuwa adimu. Sifa yake ni umviringo na mng'aro mkali kama kioo. Huvunwa zaidi majira ya baridi, kwa sababu maji yakipoa chaza hutoa neka polepole na kwa safu nyembamba zaidi, na hizo ndizo zinazotoa mng'aro ule.

Udhaifu wake ni neka nyembamba. Kiini ndicho sehemu kubwa ya lulu. Neka juu yake mara nyingi haifiki milimita moja, na zile zilizovunwa kwa haraka huwa chini ya milimita 0.3. Hizi ndizo zinazobanduka ukingoni mwa tundu baada ya miaka michache ya kuvaliwa. Namna ya kuzigundua: shika utungo karibu na taa moja yenye mwanga mkali na uuzungushe polepole. Lulu zikikonyeza, yaani kila punje ikipishana mwangaza na giza inapozunguka, unaona mistari ya kiini kupitia neka. Ziache.

Akoya nyeupe kwa kawaida husafishwa kwa dawa ya kuondoa madoa, na nyingi hupewa wekundu kidogo kwa kutumbukizwa kwenye rangi. Ni jambo la kawaida katika biashara hii, lakini muuzaji akisema hazikuguswa kabisa, muulize anathibitishaje.

Lulu za South Sea

Hizi ni za Pinctada maxima, chaza mkubwa kuliko wote wanaofugwa kwa lulu. Wa mdomo wa fedha (mdomo ni ukingo wa ndani wa gamba) hufugwa zaidi kaskazini magharibi mwa Australia, eneo la Broome, na hutoa nyeupe na za kijivu cha fedha. Wa mdomo wa dhahabu wanapatikana Ufilipino, Indonesia na Myanmar, na hutoa krimu hadi dhahabu iliyokolea. Ukubwa ni milimita 8 hadi zaidi ya 15, na neka huwa na unene wa milimita 2 au zaidi. Mng'aro wake ni wa upole kuliko wa Akoya: taswira ya dirisha juu yake ina ukingo laini kama hariri. Usizilaumu kwa hilo. Zilaumu zikiwa na weupe wa chaki.

Tahadhari kubwa iko kwenye za dhahabu. Soko lina Akoya na lulu za maji baridi zilizotiwa rangi ya dhahabu zikauzwa kwa jina hili. Rangi ya asili hutofautiana kidogo kati ya punje na punje. Utungo mzima ukiwa na dhahabu ya aina moja kana kwamba umetoka ndoo moja, rudi tunduni.

Lulu za Tahiti

Zinaitwa nyeusi, ingawa nyingi ni za kijivu, kijani, buluu, zambarau kama bilinganya, na ile rangi ya tausi inayopendwa kuliko zote: kijani kilichochanganyika na uwaridi juu ya kijivu kizito. Mwenyewe ni chaza wa mdomo mweusi, Pinctada margaritifera, anayefugwa katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Spishi hiyo ipo pia katika bahari yetu, kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Ukubwa wa kawaida ni milimita 8 hadi 14. Mviringo kamili ni chache. Nyingi zina umbo la tone, kitufe, au zina pete zinazozunguka mwili kama mistari ya pia, na kwa hereni au kidani kimoja chenye lulu moja, umbo hilo linapendeza kuliko mviringo wa kawaida.

Lulu nyeusi pi, nyeusi kama lami, bila rangi nyingine inayopita juu yake, karibu kila mara imetiwa rangi.

Lulu za maji baridi

Hapa kuna utajiri mkubwa na upotoshaji mkubwa pia. Kome wa maji baridi, hasa Hyriopsis cumingii na mahuluti yake, hufugwa kwenye mabwawa ya China. Mji wa Zhuji katika mkoa wa Zhejiang ndio soko lake kubwa. Kome mmoja huwekewa vipande vya ngozi tu, bila kiini, na anaweza kutoa lulu zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo lulu ya kawaida ya maji baridi ni neka tupu tangu katikati hadi juu. Bei yake ni ndogo kwa sababu kome mmoja anatoa nyingi. Uimara wake, kinyume na watu wanavyodhani, ni mkubwa kuliko wa Akoya nyingi. Anayetaka lulu za kuvaa kila siku kazini aanzie hapa.

Rangi zake za asili ni nyeupe, krimu, pichi, uwaridi na zambarau laini. Nyeusi, buluu na kijani kibichi vimetiwa. Maumbo ni ya kila namna: punje ya mchele, kitufe, viazi, sarafu, msalaba. Miaka ya karibuni wafugaji wameanza kuweka kiini kikubwa cha mviringo ndani ya kome, na matokeo yake ni lulu zinazouzwa kwa jina la Edison, zinazoweza kupita milimita 12 na kushindana na South Sea kwa ukubwa. Ukiambiwa "South Sea" kwa bei isiyoingia akilini, huenda umeshika Edison, ambayo ni lulu halali kabisa inayostahili kuuzwa kwa jina lake.

Nusu lulu za Zanzibar

Nusu lulu, au mabe kwa jina la kibiashara, haikui ndani ya mwili wa chaza. Inakua juu ya gamba lake. Kwa ndani ya gamba hubandikwa kiini cha plastiki chenye umbo la nusu duara, chaza akarudishwa majini, na neka ikakifunika. Unguja, katika vijiji vya rasi ya Fumba upande wa Ghuba ya Menai, Fumba, Bweleo na Nyamanzi, vikundi vya wanawake vimekuwa vikifuga chaza kwa njia hii kwa kutumia Pteria penguin, chaza mwenye gamba lenye mkia kama bawa, na wa mdomo mweusi pia. Chaza wananing'inizwa kwenye kamba zinazoelea, wanasuguliwa kuondoa mwani na makome yanayoota juu yao, na baada ya miezi 9 hadi 12 neka inatosha kuvunwa.

Baada ya kuvuna kazi ya ufundi ndiyo inaanza. Nusu lulu hukatwa pamoja na gamba, kiini cha plastiki kinatolewa, uwazi unajazwa gundi ya epoksi, na nyuma inafungwa kwa kipande cha gamba kilichosuguliwa. Au huachwa juu ya gamba lake na gamba lote likawa kidani. Namna hii ya pili ndiyo imara zaidi, na uzuri wake ni wa kwetu: ukiigeuza unaona rangi za gamba zikipita kutoka fedha hadi buluu hadi shaba.

Unapochagua nusu lulu, tazama kiungo cha kuba na mgongo. Pakiwa na mstari wa gundi unaoonekana au ufa mwembamba, maji yataingia, gundi italegea na kuba litatoka. Igonge polepole kwa ukucha: sauti tupu inamaanisha kujazwa vibaya. Nusu lulu ifanye hereni, bruchi au kidani. Pete inagongwa mno, na kuba ni jembamba.

Keshi, baroki na zisizo na neka

Keshi ni lulu ndogo isiyo na kiini inayojitokeza yenyewe chaza anapokitema kiini alichowekewa lakini kifuko kikabaki. Ni neka tupu, umbo lake halitabiriki, mng'aro wake mara nyingi unawashinda ndugu zake. Baroki ni jina la umbo, yaani lulu yoyote isiyo na ulinganifu. Zipo pia lulu zisizo na neka kabisa, kama ya waridi inayotoka kwa konokono mkubwa wa bahari ya Karibi. Hizo ni za wakusanyaji zaidi, na ni nadra kutungwa shingoni.

Namna ya kuchagua, kwa mpangilio

Tandika kitambaa cheupe au kijivu hafifu, karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja. Mahameli nyeusi na taa za manjano za dukani huipamba kila lulu. Omba usogee mlangoni.

Anza na mng'aro. Tafuta taswira ya fremu ya dirisha juu ya lulu. Ukiweza kuona kingo zake zimenyooka, mng'aro ni mkubwa. Ukiona wingu jeupe tu, acha. Mng'aro upewe uzito kuliko ukubwa, na hili ndilo wanunuzi wengi wanalikosea: wanalipia milimita moja zaidi na kupoteza mwanga wote.

Kisha uviringishe utungo taratibu kwenye kitambaa. Lulu za mviringo zinakwenda sawa, zenye kasoro zinayumba. Tazama ngozi: vidoa vidogo karibu na tundu vitafichwa na fundo, lakini ufa, hata mmoja, haufichiki na utaendelea. Linganisha punje za katikati na za mwisho. Wapo wanaoweka nzuri mbele na dhaifu shingoni nyuma.

Rangi ni ya kuchagua kwa ngozi yako, si kwa orodha ya bei. Weka utungo juu ya kifundo cha mkono kwa ndani. Ngozi ya maji ya kunde hubeba krimu, dhahabu na pichi kwa uzuri kuliko nyeupe yenye ubuluu, na ngozi nyeusi huipa lulu ya fedha nguvu ambayo haipati kwingine.

Ukubwa hupimwa kwa kalipa, kipenyo cha punje katika milimita, na utungo huandikwa kwa mpaka, mfano 7.0–7.5. Katika biashara ya jumla, lulu huuzwa pia kwa uzito wa momme, sawa na gramu 3.75.

Kuitambua bandia

Lulu bandia ni kioo, plastiki au gamba lililosagwa likafinyangwa, kisha likapakwa rangi yenye kumeta. Ile inayouzwa kama "lulu ya gamba" ni ya kundi hili, hata kama jina linafanana na la South Sea.

Chukua lulu mbili za utungo mmoja uzisugue pamoja kwa wepesi. Neka inakwaruza kidogo, kama mchanga laini sana, na huacha unga mweupe ambao ukiufuta kwa kidole lulu inabaki salama. Bandia huteleza. Watu huzipitisha kwenye meno ya mbele wakitafuta mkwaruzo huo huo. Kipimo ni sahihi, ila si cha kufanya kwa mali ya mtu. Halafu lenzi: bandia ina ngozi yenye chembe kama ganda la yai, na tunduni rangi imejikunja au imebanduka ikionyesha kioo. Lulu ya kweli ina ukingo mkali. Rangi iliyotiwa hujikusanya ukingoni mwa tundu na ndani ya vishimo, na mara nyingi uzi wenyewe umechukua rangi hiyo.

Usiichome kwa kiberiti, usiidondoshee siki, usiikwaruze kwa kisu. Vipimo hivyo vinaiharibu lulu ya kweli, na muuzaji anayevifanya mbele yako anakuuzia lulu iliyojeruhiwa.

Kutunga kidani cha sentimita 45

Utungo wa muda, yaani uliotungwa bila mafundo wala kifungo, wa lulu za milimita 7 wenye sentimita 40 una punje 57 hivi. Ukishafungwa fundo kati ya kila punje na kuwekwa kifungo, urefu unafika sentimita 45 au 46, kwa hiyo usinunue lulu za ziada bila kuhesabu mafundo.

Unahitaji uzi wa hariri wenye sindano yake, unaouzwa kwenye kadi ya mita 2. Springi laini ya waya mwembamba ya kufunika uzi kwenye kifungo, vipande viwili vya milimita 6. Kifungo cha fedha au dhahabu. Kibano chenye ncha kali. Tupa ya sindano yenye unga wa almasi. Gundi ya kukauka taratibu. Na kitambaa kinene ili punje zisiviringike.

Unene wa uzi unaamuliwa na tundu. Matundu mengi ya Akoya na maji baridi yana milimita 0.7 hadi 0.8, na hariri namba 4, yenye milimita 0.60, inayajaza vizuri. Uzi mwembamba mno hutoa fundo linalozama tunduni, na lulu zinaanza kusuguana.

1. Fungua uzi wote, ushike ncha mbili uuvute taratibu, kisha uning'inize na kitu kizito kidogo usiku kucha. Hariri isiyonyooshwa itanyooka shingoni, na baada ya mwezi utaona nafasi kati ya lulu.

2. Panga punje kwa mpangilio wa mwisho. Tenga tatu za kila mwisho. Hizi sita zitapitiwa na uzi mara mbili, hivyo panua matundu yake hadi milimita 1 hivi. Lulu iwe imelowa, izungushe tupa kwa vidole, ingia kutoka pande zote mbili. Ukisukuma kutoka upande mmoja, neka ya upande wa pili itabanduka inapotokea ncha. Vaa barakoa: unga wa neka haufai mapafuni.

3. Tunga punje tatu za kwanza, kisha springi, kisha pete ya kifungo. Zisogeze zibaki sentimita 15 kutoka mwisho wa uzi.

4. Rudisha sindano kwenye punje iliyo karibu na kifungo. Vuta polepole, springi ijikunje kuwa kitanzi kuzunguka pete. Ukivuta kwa pupa springi inafunguka, na hapo ni kuibadilisha tu.

5. Funga fundo kwa kuunganisha uzi wa kazi na mkia, likae kwenye shingo ya punje. Pitisha sindano punje ya pili, fundo. Ya tatu, fundo.

6. Sasa endelea kwa uzi mmoja. Ingiza punje, fanya kitanzi kilegevu, ingiza ncha ya kibano ndani ya kitanzi na ushike uzi pale unapotoka tunduni. Kaza kitanzi kishuke hadi kwenye ncha, ondoa kibano, sukuma fundo kwa ukucha. Fundo likikaa mbali hata nusu milimita, lifungue kabla hujalikaza kabisa. Hariri iliyokazwa haifunguki bila kuchanika.

7. Punje tatu za mwisho zitunge bila mafundo, ukiacha kati yake nafasi ndogo ya fundo. Tia springi na upande wa pili wa kifungo, rudi kwenye punje ya mwisho, funga fundo kuzunguka uzi wa chini, ingia inayofuata, fundo, na ya tatu, fundo.

8. Tone dogo la gundi kwenye fundo la mwisho la kila upande, kwa ncha ya sindano. Iache ikauke usiku mmoja, kisha kata mikia karibu kabisa. Usitumie ile gundi ya papo hapo: hukausha hariri ikawa kama ukuti, ikakatika hapo hapo.

Fundo kati ya kila punje linazuia lulu zisisagane, na uzi ukikatika harusini utapoteza punje moja, si hamsini.

Lulu ya hereni na pete

Lulu ya kubandika hutobolewa upande mmoja, kupita nusu ya kipenyo. Pima kijiti cha hereni: kiingie bila kulazimishwa na kofia yake iguse lulu. Kijiti laini kikwaruzwe kwa tupa, au kipigwe mikato miwili, ili gundi ishike. Safisha mafuta kwa spiriti kwenye chuma tu, kausha tundu, tumia epoksi ya sehemu mbili kwa kiasi kidogo. Ikifurika, ifute papo hapo kwa kitambaa kikavu. Usichomelee wala kuunga chuma lulu ikiwa imekwishabandikwa. Joto litaipasua au kuigeuza rangi.

Kuvaa na kutunza

Pwani kuna jambo moja linaloua lulu kuliko yote: manukato. Marashi, uturi na mafuta yanayopakwa shingoni huingia kwenye uzi na kukaa hapo dhidi ya tundu, ambako neka haina ulinzi. Jifukize udi, jipake, vaa, funga ushungi, kisha vaa lulu mwisho kabisa. Ukirudi, zivue kwanza.

Kabla ya kuziweka, zifute na kitambaa laini chenye unyevu mdogo wa maji safi, punje kwa punje, kuondoa jasho. Mara chache, zikiwa na mafuta, tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, lakini usizamishe kidani. Uzi ulioloa huchukua siku nzima kukauka na hunasa uchafu. Zilaze bapa mpaka zikauke. Mashine ya sonara ya kusafishia kwa mawimbi, mvuke, dawa za kung'arishia fedha, klorini ya bwawa: hapana kwa vyote.

Zihifadhi peke yake kwenye mfuko wa kitambaa, zimelazwa, maana zikining'inizwa uzi hunyooka. Usizifungie miaka ndani ya mfuko wa plastiki wala sefu kavu. Zinahitaji unyevu kidogo wa hewa.

Kidani kinachovaliwa kila wiki kitungwe upya kila mwaka au miaka miwili. Usingoje kikatike. Shika utungo wima: ukiona uzi kati ya punje na fundo, au fundo limekuwa la kijivu, au springi karibu na kifungo imelalia na uzi unachungulia ndani yake, ni wakati wa kukata. Tumia nafasi hiyo kutazama kila tundu kwa lenzi kabla ya kutunga tena, na punje yenye ukingo uliobanduka iondoe katikati, uipeleke nyuma ya shingo au uiache kabisa.